Jedwali la Siku Saba za Osaka

Nilimpangia mama safari ya Japani kwa miezi saba, jikoni kwetu Laeken, huku ughaibuni, na safari yenyewe ilikuwa ya siku saba. Ukigawa, unapata mwezi mmoja kwa kila siku. Najua, kwa sababu niligawa.

Mama alikuwa amepanda ndege mara moja tu maishani, alipokimbia Bujumbura nikiwa mgongoni mwake. Tangu hapo amekuwa akiwaogesha wazee wa watu kwenye makao ya wazee kule Auderghem, na likizo zake amezimalizia kwenye kochi. Sasa magoti yalikuwa yanamwishia, daktari alishapanga upasuaji, na mimi nikaamua kwamba kabla ya kisu lazima apate safari moja ambayo hakuna anayemfukuza. Kwa nini Japani? Kwa sababu dirisha la jikoni kwetu linatazama ncha ya ule mnara wa Kijapani wa Laeken, ambao milango yake imefungwa miaka na miaka, na siku moja akiosha vyombo alisema angependa kuona wenyewe wanaijengaje minara hiyo kwao. Huenda alikuwa anatania. Mimi niliichukua kama amri.

Nilijifundisha Kijapani kwa simu, ndani ya tramu, nikinong'ona hadi watu wakahama viti. Nilikariri namna sita za kuomba radhi. Niliandika kadi za mikahawa: hatuli nguruwe, hatunywi pombe, tafadhali hata tone kwenye mchuzi. Kisha nikachora jedwali, ukurasa mmoja kwa kila siku, karatasi kubwa, nikazivisha zote plastiki zisilowe. Vyoo vilikuwemo. Alhamisi, saa tano na dakika arobaini mpaka saa sita na dakika ishirini, palikuwa pameandikwa: "Mama anafurahia bustani."

Mama alizishika karatasi zile kama mtu anayetazama picha ya mfupa wake uliovunjika.

"Bon," alisema. "Na kupumua, umetuwekea saa ngapi?"

Osaka ilianza vibaya, maana yake ilianza vizuri lakini kwa kuchelewa. Kwenye ngome kuu mama aliziona ngazi, akachagua benchi, akakaa saa nzima akitazama wazee wa Kijapani wakinyoosha viungo, na kunisimulia nani kati yao ana nyonga mbovu. Nilimkumbusha mara tatu kwamba tuko nyuma kwa dakika hamsini. Usiku, kando ya mto penye taa za rangi zote, aliunguza ulimi kwa vidonge vya unga vyenye pweza ndani, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa naweka alama ya tiki.

Alhamisi tukachukua treni kwenda kwenye hekalu nje ya jiji. Bustani ilikwenda sawasawa, dakika arobaini kamili. Tulipolikaribia hekalu lenyewe nikaenda kununua tiketi, na niliporudi mama hakuwa pale nilipomwacha.

Alikuwa kwenye birika la mawe lililo mbele ya mahekalu yao, lenye maji yanayotiririka na kata za mianzi zimepangwa ukingoni. Nilikuwa nimesoma mengi kuhusu birika hilo. Unaosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, unasukutua kidogo, basi. Mama alikuwa ameona maji, ameona kata, ameona watu wakinawa kabla ya kuingia kwa Mungu wao, na jua lilikuwa limepinduka. Alianza na mkono wa kulia. Nilipofika alishamaliza uso, mikono hadi viwiko na kichwa, amevua soksi zake za kubana, ameketi juu ya ukingo wa jiwe, na mguu wa kulia ulikuwa ndani ya njia ya maji.

Anatia udhu. Miezi saba, na sikuandika sala hata moja.

Hapa lazima nikiri jambo. Sikusahau kwa bahati mbaya. Nimeacha kuswali miaka minne. Mama akinihimiza, naingia bafuni, nafungua bomba, nahesabu hadi mia, nalowesha mikono, natoka. Mtu anayedanganya udhu hawezi kukumbuka kuupangia dakika.

Mzee mwenye ufagio akaja upande wetu. Kati ya radhi zangu sita, iliyotoka mdomoni ni ile ya kuchelewa kazini. Niliisema kwa ufasaha, nimeinama nusu. Yeye alinitazama, akautazama mguu wa mama, akaenda zake. Nikajua anakwenda kuita mlinzi. Akarudi na taulo na ndoo, akamwelekeza mama, kwa mkono wazi, kwenye bomba la mtunza bustani nyuma ya kibanda cha baiskeli.

"Asante sana, mzee wangu," mama alimjibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosema na wazee wake wa Auderghem. Mzee akaitikia kwa kichwa. Walielewana kuliko nilivyowahi kueleweka na mtu yeyote wiki ile.

Nyuma ya kibanda mama alimalizia mguu wa kushoto, akajifuta, kisha akanigeukia bila hasira yoyote.

"Na wewe? Leo utanawa, ao utafungua robine tu usikilize maji?"

Nilinawa. Maji yalikuwa baridi kweli.

Simu ilituonyesha kibla, lakini ardhi ilikuwa imelowa na hatukuwa na mkeka. Mama akanyoosha mkono kwenye mkoba wangu, akatoa jedwali, akalitandaza karatasi moja baada ya nyingine, plastiki juu. Zilitutosha wawili. Paji langu la uso lilitua juu ya Jumamosi. Nilimshika kiwiko aliposhindwa na magoti, na yule mzee akahamishia ufagio wake upande mwingine wa ua.

Treni yetu ya saa saba na dakika kumi na mbili ilipita tukiwa tumesujudu. Niliisikia. Nakiri kwamba nilikuwa tayari natafuta kichwani ile ya saa saba na nusu.