Majivu Ndani ya Ndoo ya Mvua

Kazi yangu ni kupima mionzi inayoshuka na mvua. Si ya bomu, jamani! Ni ya asili, huzaliwa huko juu hewani na kutushukia kidogo kidogo tangu dunia iwe dunia. Nilikuwa na ndoo mbili za kukinga mvua karibu na ziwa: moja Kagoma kule Muleba, nyingine Buhembe kwa mama yangu, kando ya tenki la bati analonywea maji. Nilijiona mjanja. Nani angeitunza vizuri kuliko mama?

Mvua za vuli zilipokolea nikapima. Ya Kagoma, kawaida. Ya Buhembe ilipanda hadi nikarudia kupima mara tatu. Kimashine changu huhesabu mionzi tu, hakisemi inatoka kwenye nini. Kujua hilo ni kupeleka maji maabara Dar es Salaam na kusubiri wiki kadhaa. Mimi na kiherehere changu, sikusubiri. Nikampigia simu.

"Mama, maji ya tenki usiyanywe."

"Yana nini?"

"Wewe usinywe tu!"

Akatii. Mama huyo, na magoti yake mabovu, akawa anateremka chemchemi ya bondeni na dumu, njia yote utelezi, huku tenki limejaa hadi linamwagika. Kila jioni nilimpigia kuhakikisha hajaligusa. Siku ya tisa simu ikapokelewa na jirani. Mama ameanguka bondeni, nyonga imevunjika.

Majibu yalinikuta wodini. Ilikuwa potasiamu, ile yenye mionzi kidogo ya asili isiyodhuru, iliyojaa kwenye majivu. Nikamuuliza mama kama kuna mtu aliyegusa ndoo.

"Si mimi, waitu mwanangu? Maji yalikuwa na vumbi. Nikatia majivu ya maganda ya ndizi, uchafu utulie chini. Ningekupaje maji machafu upeleke kazini kwa watu?"

Ndivyo alivyotusafishia maji tangu tukiwa watoto. Nilijua, na sikuwahi kumwambia asiguse ndoo. Nililia mbele ya wagonjwa wote, wala sikuona aibu.

Sasa anatembea kwa magongo, na maji anachotewa bondeni na jirani. Maji ya tenki nimeyapima mara nne, hayana neno. Juzi nikakinga kikombe, nikanywa nusu mbele yake, nikampa.

"Kunywa mama. Nimeyapima."

Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu.

"Hata yale uliyonikataza, mwanangu, ulikuwa umeyapima."