Dohani Niliyoiziba

Kila mume wangu alipokaza nati huko juu ya paa, mchanga ulimiminika ndani ya ukuta wa chumba changu. Akikaza, unamiminika. Akipumzika, unanyamaza. Nilikuwa nimekaa kitandani na nguo za kukunja mapajani, na nilijua mchanga ule unatoka wapi. Yeye hakujua. Na alikuwa amejifunga kamba kwenye dohani hiyo hiyo.

Lazima nirudi nyuma, bila hivyo haitaeleweka.

Nyumba yetu iko Rayners Lane, huku kwa Waingereza, imegandana na ya jirani ukuta kwa ukuta, na dohani ya kutolea moshi ni moja, imekaa katikati ya paa, nusu yetu nusu yake. Tulipohamia, chumba cha kulala kilikuwa na tundu la moto ukutani, la hao waliokaa zamani wakachoma makaa. Mie mtu wa Pemba, moto naujua wa jikoni. Tundu jeusi mbele ya kitanda sikuliweza. Baridi ikiingia, upepo unateremka mle unatulalia miguuni. Masizi yanaanguka kwenye zulia. Siku moja aliteremka ndege, akajipigiza kuta zote mpaka akafia nyuma ya kabati. Nikamwambia mume wangu lizibwe.

Akakubali, lakini akasema haliwezi kuzibwa hivi hivi. Juu itiwe kofia, na chini liachwe tundu dogo la pumzi, kwa sababu mvua inaingia kule juu na ule ukuta lazima upate pa kukaukia. Alifanya kazi na waashi wa huku miaka mingi, alijua anachosema. Akasema nisiliguse, atalifanya mwenyewe.

Ndipo mama yake akaugua na yeye akaenda Pemba. Alikaa miezi miwili, akamuuguza, akamzika. Mie sikungoja. Nilisokomeza mle mablanketi mawili ya zamani na godoro la kitanda cha mtoto, nikayashindilia kwa mpini wa ufagio. Nikamwita fundi, akapigilia ubao, akapaka plasta, na mie nimemsimamia. Aliniuliza kama aache nafasi. Nikamwambia sitaki kitu kipumue humu. Juu hakupanda mtu, kofia haikutiwa.

Mume wangu aliporudi aliuliza jambo moja tu, kama pumzi imeachwa. Nikasema imeachwa, iko nyuma ya kabati. Alikuwa ametoka kumzika mamake, macho yamevimba, hakusogeza kabati. Wala baadaye hakulisogeza. Miaka kumi na minane.

Mwaka wa tatu au wa nne likatokea doa, rangi ya chai iliyomwagika, juu ya kabati. Nikalipaka rangi. Likarudi, kubwa zaidi. Nikanunua rangi ile nzito ya kuficha madoa, nikapaka mara mbili. Mvua ikinyesha chumba kinanuka majivu mabichi. Mume wangu akiuliza, nasema ni nguo hazikukauka vizuri.

Halafu jirani. Yeye ni Muhindi, mjane, kazaliwa na kukulia Mwanza dukani kwa baba yake, na Kiswahili chake ni kile cha kaunta, hakina mapambo. Kiangazi kilichopita alileta mafundi kutengeneza upande wake wa dohani. Walipomaliza akaniita uani, akanisemesha juu ya ua wa mbao. Mafundi wake wamemwambia upande wetu umelowa mpaka ndani, saruji inachokoleka kwa kidole. Akasema, "Bibi, mwambie mzee. Mapema."

Nikasema nitamwambia. Sikumwambia. Ningemwambiaje kwamba dohani imeoza bila kumwambia imeozeshwa na nani? Nilijiambia imesimama miaka yote hiyo, na hakuna mtu anayeigusa.

Kisha likaja suala la antena. Tangu yajengwe yale maghorofa karibu na stesheni, picha ya televisheni ilikuwa inakatika vipande, msomaji wa habari anabaki mdomo wazi huku sauti inaendelea. Mwanetu wa kike akamwambia babake siku hizi watu wanatazama kwa intaneti. Akasema yeye hataki televisheni ya kuomba ruhusa kwa neno la siri. Basi ndugu yake, shemegi yangu, anayekaa Hounslow na kupakia mizigo uwanja wa ndege, akaleta antena kubwa ya kuweka juu ya paa, pamoja na kishikio chake.

Alikitandaza kwenye meza yangu ya kulia. Mikanda miwili ya chuma chembamba, mirefu. Unaizungusha dohani kama mtu anavyofunga mshipi, mmoja juu mmoja chini, kila pembe unaweka kibati ili chuma kisile tofali. Mikanda inashika mikono miwili ya chuma, na mikono inashika mlingoti wa antena. Halafu unakaza nati, unakaza, mpaka mkanda ukiugonga unalia. Shemegi akafurahi kwamba hakuna kutoboa hata tundu moja. Uzito wote na upepo wote unabebwa na dohani, akasema, na dohani ya Mwingereza haiendi popote. Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta meza, na vyuma vyao viko juu yake bado.

Nilijaribu kwa njia ya pembeni. Nikasema upepo ni mwingi wiki hii. Nikasema mwanao kasema aitwe fundi mwenye bima. Nikasema una miaka sabini na moja. Kwa hili la mwisho akacheka, akasema babake alichuma karafuu mpaka sabini na tano.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Mume wangu alichuma karafuu tangu ana miaka tisa. Babake alimfundisha kwamba matawi ya mkarafuu yanakatika bila kutoa sauti, kwa hivyo mtu hajifungi kwenye tawi. Anajifunga kwenye shina. Kwake yeye, juu ya paa vigae ndiyo matawi, na dohani ndiyo shina. Jumamosi ile baada ya adhuhuri alipanda ngazi, akapanda ile ngazi ya pili yenye ndoano za kushika mgongo wa paa, akaupanda mgongo wenyewe kama mtu aliyepanda punda. Akatoa kamba, akajifunga kiunoni, akaizungusha dohani mara mbili, akapiga fundo. Nilimwona kutoka uani. Aliivuta kamba kuijaribu, na aliporidhika akanipungia mkono.

Shemegi alikuwa ameshika ngazi chini. Akaniambia, "Akianguka mzee huyu, shemegi, mimi simdaki. Mgongo wangu ushauzwa kwa masanduku ya watu." Sikumcheka. Nikaingia ndani, nikapanda chumbani, nikakaa na zile nguo zangu.

Mkanda wa chini ulipokazwa, nilisikia kama mchele unaomwagwa kwenye sufuria. Nikajidanganya ni masizi. Alipohamia wa juu, ulianguka mwingi zaidi, na nyuma ya ubao kikaanguka kitu kizito, kikaupiga ubao kutoka ndani. Plasta ikafanya ufa mwembamba kutoka juu ya kabati mpaka kwenye dari. Nikautazama ule ufa ukienda. Haukwenda mbio.

Nilipotoka uani jirani alikuwa ameshatoka kwake, kisu mkononi, bakuli la bamia limebanwa kwenye mbavu. Alikuwa anatazama juu. Kisha akanitazama mie.

"Bibi, ulimwambia?"

Nikatazama paa. Alielewa. Akarudi nyuma hatua mbili tatu, mbali na kuta za nyumba yake, na kule kurudi kwake nyuma ndiko kulikoniumiza zaidi kuliko kama angenitukana.

Nikamwita mume wangu kwa sauti ambayo siitumii. Nikamwambia aache. Akasema zimebaki raundi chache tu, mkanda haujalia. Spana iko mkononi. Nikamwambia aiweke hiyo spana. Shemegi akaanza maneno yake, ati bibi kaona jini, nikamwambia anyamaze.

"Tundu nililiziba lote," nikasema. "Sikuacha pumzi. Nilikudanganya. Kumelowa humo miaka yote, na jirani aliniambia, na sikukwambia. Hapo ulipojifunga pameoza."

Ndege ilipita juu, tukangoja ipite. Mume wangu alikuwa ananitazama kutoka kule juu, na mbali vile sikuona uso wake vizuri, niliona kofia yake tu na mkono wenye spana.

"Hata tundu la kidole?" akauliza.

"Hata la kidole."

Akaining'iniza spana kiunoni polepole. Fundo la kamba lilikuwa upande wa pili wa dohani, na ili kulifikia ilibidi aikumbatie, kifua kwenye matofali. Kwa miaka arobaini na saba ya ndoa sijapata kumtazama mtu huyu vile. Shavu lake lilikuwa limelalia tofali. Mikono yake ilikuwa inatafuta nyuma, asikokuona. Kamba ilikuwa imekaza kwa sababu yeye mwenyewe aliikaza vizuri. Kipande cha saruji kikatoka chini ya mkanda wa juu, kikateremka juu ya vigae, kikadunda mara moja na kuangukia kwenye mnanaa wangu. Shemegi alikuwa anasoma dua kimya kimya, midomo tu inacheza. Mie sikuweza hata kusoma. Nilikuwa nahesabu matofali, safu kwa safu, kana kwamba nikiyahesabu yatakaa.

Kamba ikalegea. Akaivuta kiasi cha kujitoa, akaiacha inaning'inia. Akajisogeza nyuma kwa makalio mpaka kwenye ngazi yenye ndoano, akateremka mgongo ukiwa kwetu, mguu mmoja, mwengine. Alipokanyaga chini shemegi alimshika mkono, naye akautoa mkono wake. Akatupita sote akaingia ndani. Nilimsikia anapanda juu, kisha nikasikia kabati linasogezwa.

Fundi aliyekuja Jumatatu alipanda mara moja akateremka upesi. Akasema dohani haikuanguka kwa sababu imefungwa mikanda, na itaanguka kwa sababu imefungwa mikanda, maana upepo ukiushika mlingoti unaitikisa yote. Kwa hivyo isiguswe, isifunguliwe, mpaka jukwaa la vyuma lijengwe pande zote mbili ndipo ibomolewe tofali tofali. Jukwaa lina foleni, mpaka sasa tunangoja. Tumehamishia kitanda chumba cha chini. Jirani hapiki tena jikoni kwake nyuma, anapika kwenye jiko dogo sebuleni, na tukionana ananisalimia, haongezi neno. Picha ya televisheni ni safi kabisa, hakuna anayeitazama. Upepo ukizidi tunakaa sote wawili tukisikiliza mkanda wa juu, ambao sasa unalia.

Siku nne hakunisemesha. Ya tano, tunakunywa chai, akauliza kwa upole kama kuna kitu kingine chochote nilichokifunga kwenye nyumba hii. Nikamjibu hakuna. Na ni kweli, hakuna. Akaitikia kwa kichwa.

Lakini tangu siku hiyo nikisema gesi nimezima, anainuka kwenda kuitazama. Nikisema mlango nimefunga, anakwenda kuushika. Anakwenda bila hasira na anarudi bila neno, nami namsubiri arudi akae.