Mikono Iliyonyamaza

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya mwezi wa saba, nikiwa mwalimu kijana anayetoka Sosiot kwa pikipiki kwenda kufundisha upande wa Kabianga. Nakuambia haya kwa sababu nimesikia umenunua pikipiki, na baridi yetu unaijua, ile yenye maji ndani yake, inayopenya hata kwenye mshono wa jaketi.

Siku hiyo nilivaa glavu za sufu mbili mbili, kisha juu yake nikavuta za mpira. Zilinibana hadi vidole vikawa vinakunjika kwa shida. Nilidhani zikibana ndipo joto litakaa. Nyuma nilimbeba jirani yetu Tapsabei, aliyekuwa akienda kumwona binti yake. Sote tulimwita Kogo, ndiyo nyanya kwa Kipsigis.

"Umevaa kama mtu anaenda kuzalisha ng'ombe," aliniambia akipanda.

Mwanzoni vidole viliuma vibaya. Tulipoingia katikati ya mashamba makubwa ya chai, uchungu ukakatika ghafla, kama redio iliyozimwa. Nilifurahi.

"Kogo, mikono yangu imepata joto sasa."

Aliniinamia sikioni. "Haiwezi pata joto kwa hii ukungu, mwalimu. Imenyamaza tu. Simama."

"Tutachelewa, Kogo."

Hapo ndipo nilipokosa. Barabara iliteremka bondeni, na bonde lote lilikuwa limejaa ukungu mweupe. Mbele yangu nikaona vichwa. Vichwa tu, vilivyofungwa vitambaa, vikivuka barabara polepole, kimoja nyuma ya kingine, bila mabega wala miguu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni wachuma chai wanakwenda kazini. Niliuambia mkono wangu wa kulia ushike breki.

Haukushika. Niliutazama, mwanangu. Ulikuwa umelala pale kwenye usukani kama kitu ambacho mtu mwingine amekisahau. Nikauamuru tena, na hakuna kidole kilichosogea. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote. Tairi la nyuma likateleza kwenye matope, tukapita katikati ya mstari wa wale watu na kuangukia ndani ya michai.

Hakuna aliyepiga kelele. Hadi leo ule ukimya ndio unaonirudia. Mama mmoja alikuwa amesimama barabarani akipapasa mgongo wake. Kikapu chake kilikuwa kinaning'inia kwenye usukani wangu.

"Nipatie kikapu yangu," alisema kwa upole, kana kwamba nilikuwa nimekiazima.

Kogo hakuumia. Alinivua glavu zote, moja baada ya nyingine, na vidole vikatokea vyeupe kama mishumaa. Nikataka kuvisugua, akanikataza. Akaviingiza kwapani mwake, ndani ya blanketi alilojitanda, tukakaa hivyo kwenye majani mabichi huku wale wachuma chai wakitutazama. Baada ya muda uchungu ulirudi, mkali kama moto, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote.

"Lia tu," alisema. "Sasa hiyo mikono ni yako tena."

Basi sikiliza. Nunua glavu inayoacha nafasi ya vidole kucheza, na juu yake uvae nyingine pana isiyopitisha maji. Kata mtungi wa plastiki uufunge mbele ya usukani ukinge upepo, na watakaokucheka waache wacheke. Vidole vikiuma njiani, ujue bado viko nawe. Vikiacha kuuma kabla hujafika, usifurahi kama mimi. Simama, hata kama kengele ya kazi imeshalia, uviweke kwapani hadi viume tena. Nyuma yako utakuwa umebeba mtu, na mbele yako ukungu una watu usiowaona.

Mungu akutangulie katika kila bonde, mwanangu, na vidole vyako viendelee kukuuma hadi ufike.