Bombay ya Chini ya Ngazi

Wiki iliyopita, tukiwa mapumziko ya chai kazini, mwenzangu mmoja aliyetoka likizo Mumbai alinipa simu yake nitazame picha. Ya kwanza ilikuwa Lango la India na maji nyuma yake. Nikamwambia inayofuata lazima iwe ile hoteli kubwa yenye kuba. Ikawa ndiyo. Kisha ikaja stesheni ya treni yenye wanyama wa mawe wanaochomoza vichwa ukutani, kisha bustani ya kilimani yenye vichaka vilivyokatwa umbo la tembo na twiga. Kila moja niliitaja kabla sijasogeza kidole. "Kumbe ulishafika!" alisema. Nikamjibu kwamba sijawahi kukanyaga India, ila nimekulia huko kidogo. Akacheka. Picha iliyofuata ilikuwa ya kaburi la walii lililojengwa katikati ya bahari, na njia ndefu ya mawe inayoliendea, imejaa watu walioipa kamera mgongo. Nilimrudishia simu yake, nikasema chai yangu inapoa.

Wewe nitakueleza, kwa sababu wewe una muda.

Tuliishi Scarborough, pembezoni mwa Toronto, kwenye jengo refu la matofali ya kahawia, mimi, mama na bibi mzaa mama. Tulitoka Uvira nikiwa mdogo sana, hata ziwa silikumbuki. Mama alifanya kazi kiwanda cha mikate na alirudi nyumbani akinukia hamira mpaka kwenye nywele. Bibi ndiye aliyenilea. Nyuma ya jengo letu kulikuwa na plaza yenye maduka machache yaliyobanana: la mboga, la kinyozi, la mashine za kufulia nguo. Kando ya zile mashine kulikuwa na ngazi ya kushuka chini, na juu yake kibao kimoja tu: Studio.

Siku ya kwanza tuliposhuka tulikuwa tukitafuta picha ndogo za kupeleka uhamiaji. Bibi alishuka akinung'unika, akiyalaani magoti yake na nchi hii ambayo watu wanaishi chini ya ardhi kama panya. Sauti ya mwanamke ikamjibu kutoka chini, kwa Kiswahili cha Tanga, "Panya tumekusikia, dada. Shuka taratibu, kidato cha mwisho kimevunjika." Bibi alisimama palepale, akashika ukuta, akaanza kulia. Tangu tufike Kanada hakuwa amezungumza na mtu wa rika lake nje ya kanisa.

Wenyewe walikuwa wawili. Mpiga picha, mzee mkimya aliyevaa sweta ileile majira yote, na mkewe. Huyo mke alizaliwa Bombay, jina la zamani la Mumbai alilolitumia mpaka mwisho, akaletwa Tanga akiwa bi harusi, na uzeeni akaletwa huku na watoto waliokuwa na shughuli nyingi. Yeye ndiye aliyechora mapazia ya kupigia picha. Yalining'inia kwenye dari, yameviringishwa kwenye miti mirefu. Ukivuta kamba, pazia linashuka, na pale palipokuwa na ukuta wenye ukungu panatokea Bombay.

Watu walikuja kupiga picha mbele yake: maharusi, watoto wa ubatizo, familia za Iddi. Hata jamaa zetu wa kanisani walikuja, watu ambao hawakuwa na habari na India, kwa sababu walitaka kupeleka nyumbani picha yenye jua. Kule Uvira, naamini, mpaka leo kuna kuta zenye picha za binamu zangu wamesimama mbele ya Lango la India, na wenye nyumba wanadhani ndiyo Toronto.

Mimi na bibi tulikuwa tukishuka Jumamosi. Bibi alikwenda na chupa yake ya chai na sombe, majani ya muhogo ya kwetu, kwenye bakuli. Mke wa mpiga picha alikuwa na kaimati na chevda ya Kihindi ya kutafuna, na chai ya tangawizi kali ya kukuwasha masikio. Juu yetu mashine za kufulia zilinguruma, dari ikitetemeka, na maji yakitiririka ndani ya mabomba. Harufu ilikuwa ya rangi, sabuni na tangawizi. Kulikuwa na sharti moja: mimi niliyezoea kumjibu bibi kwa Kiingereza, mle ndani nilipaswa kusema Kiswahili. "Watalii wangu nawatembeza kwa Kiswahili," alisema yule mama. "Asiyetaka abaki kwenye basi."

Akanitembeza kwelikweli. "Leo tunakwenda wapi?" angeuliza, na mimi ningechagua kamba. Alinionyesha mahali watalii wanaposhuka kwenye boti kutoka mapangoni, kwenye sanamu ya mungu mwenye nyuso tatu. Alinionyesha muuza mahindi ya kuchoma ya ndimu na pilipili, na bibi akadakia, "Hata kwetu!" Alinionyesha barabara ya ufukweni ambayo taa zake jioni hufanana na mkufu. Kwenye pazia la bustani alikuwa amechora ndege weusi juu ya miti, wengi mno kwa bustani. Nikauliza wanafanya nini. Akaniambia kwamba karibu na hapo kuna watu wenye dini ya zamani ambao hawaziki wala hawachomi maiti zao, huwaachia ndege. "Mtalii hawaoni," alisema, "anapiga picha ya tembo wa majani, anaondoka." Bibi aliweka kikombe chini, akatazama wale ndege kwa muda mrefu.

Pazia nililolipenda na kuliogopa kuliko yote lilikuwa la yule walii wa baharini. Kaburi jeupe kwa mbali, na njia ya mawe inayokwenda kwake. Maji yakijaa, njia inazama, na anayetaka kwenda hungoja mpaka yapwe. Kwenye njia hiyo alikuwa amechora watu wadogo, urefu wa kidole, wote wakienda, hakuna aliyekuwa akirudi.

Juu, kwenye mashine za kufulia, kulikuwa na mzee mlinzi aliyetuchenjia sarafu. Bega lake moja lilikuwa chini kuliko lingine, na kofia yake ya sufu hakuivua hata kiangazi. Aliugua, akafariki. Jumamosi iliyofuata nilivuta kamba ya bahari, na miongoni mwa wale wenda njia nikaona kofia ya sufu na bega lililoinama.

"Huyu ni yule mzee wa juu," nilisema.

"Umemjua kwa mgongo," alijibu yule mama, na alionekana kufurahi. "Hakuwa na mtu wa kumpeleka popote. Nimempa safari."

Kuanzia hapo niliwatazama wengine kwa macho mengine. Yule mwenye fimbo alikuwa nani? Na yule mwenye mtoto mgongoni? Sikuuliza.

Basi ikafika Jumamosi moja ya baridi, theluji ya kwanza imeshaanza kuwa matope. Bibi alikuwa nyuma yangu akipuliza chai. Nilivuta kamba, pazia likashuka, na mwanzoni kabisa mwa ile njia, nyuma ya mzee wa kofia, kulikuwa na mwanamke wa kitenge cha zambarau. Mkono wa kushoto alishika chupa ya chai. Kilemba kimefungwa upande, kama bibi alivyofunga chake. Nikageuka. Bibi alikuwa amevaa kitenge hichohicho. Alinitazama juu ya kikombe, akanikonyeza.

Nilipanda ngazi mbio, nikarudi nyumbani peke yangu. Mama aliporudi na harufu yake ya hamira nilimwambia yote. Alinisikiliza akiwa bado na koti. Hakuvua hata viatu; alinishika mkono tukashuka kwa lifti, tukavuka theluji, tukateremka ile ngazi. Alipoliona pazia alisema, "Futa."

Mke wa mpiga picha alimtazama bibi. Bibi, ambaye alikuwa amebaki kule akimenya vitunguu saumu, ndiye aliyesema, "Asifute. Ni mimi nilimwomba."

"Mama, huu ni uchawi. Mtu mzima, mkristo, unajichoresha kwenye njia ya wafu?"

"Nani kakwambia ni ya wafu? Ni njia ya watalii."

"Mama!"

"Sikiliza." Bibi aliweka kisu chini. "Uvira sitarudi. Wewe unajua, na mimi najua, tunanyamaziana tu. Mtanizika hapa. Niliona siku ile tulipomzika mama wa mchungaji, udongo ulikuwa mgumu, mashine inaupasua kama mawe. Nikasema mimi siwezi kulala humo tu, bila pengine pa kwenda. Huyu ana mahali pana jua na watu wanatembea. Nikamwomba nafasi. Nimekosa nini?"

Mama alianza kulia kwa hasira. Yule mpiga picha, ambaye hatukuwa tumezoea kumsikia, alisema taratibu kwamba hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya rangi. Mama akamwambia aliombee hilo liwe kweli. Halafu akamshika bibi mkono, tukapanda, na chupa ya chai ikabaki chini.

Lakini bibi hakuwa mtu wa kuzuiwa. Mama akienda kazini, sisi tulishuka. Na hapo ndipo ninapofika mahali ambapo sijui nikuambie nini. Kila nilipovuta kamba, yule mwanamke wa zambarau alikuwa mbele kidogo. Si sana. Kwanza alikuwa nyuma ya mzee wa kofia. Baadaye walikuwa sambamba, kama wanaozungumza. Baadaye yeye alikuwa mbele. Nilimuuliza yule mama kama anamchora upya. Alinionyesha vidole vyake, vimepinda kwa baridi yabisi, vifundo vimevimba kama njugu mawe. "Tangu nimchore yeye sijashika brashi," alisema. "Nitaishikaje?" Nikamtazama mumewe, naye akatikisa kichwa, akaendelea kufuta lenzi. Inawezekana waliniongopea. Inawezekana macho ya mtoto yanapima vibaya. Nilimwambia bibi. "Ninatembea vizuri?" aliuliza. Nikasema ndiyo. "Magoti hayaniumi?" Nikasema haionekani. Akaridhika kabisa.

Bibi alifariki baridi ile ikiwa inaelekea kwisha, hospitalini, mchana, jua likiwa dirishani na mama amemshika miguu. Moyo, walisema. Ulikuwa umechoka tangu zamani. Udongo ulipasuliwa kwa mashine, kama alivyosema. Mke wa mpiga picha alikuja mazishini akiwa amejifunga shali mbili, akasimama nyuma ya wote, na mama hakumfukuza.

Baada ya siku chache nilishuka peke yangu. Mashine za kufulia zilikuwa zikinguruma. Nikavuta kamba.

Njia haikuwepo. Maji yalikuwa yamejaa, ya kijivu na ya kijani, kutoka ukingo mmoja wa pazia hadi mwingine, na kaburi jeupe limesimama katikati yake kama jino. Hapakuwa na mzee wa kofia, wala mwenye fimbo, wala mwenye mtoto. Hapakuwa na kitenge cha zambarau.

"Wako wapi?" nilipiga kelele.

Yule mama alitoka nyuma akijikokota, akalitazama pazia pamoja nami. Sikuona mshangao usoni mwake, lakini mkono wake ulipanda polepole ukafunika mdomo. "Wamefika," alisema. "Maji hayajai mtu akiwa njiani."

"Na kama hawakufika?"

Alisogea, akanipisha. Niliweka kidole changu pale njia ilipokuwa. Kilitoka kimelowa. Hakikuwa na rangi yoyote, kilikuwa na unyevu tu, wa baridi. Chumba kile kilivuja, kila mtu alijua. Mabomba ya juu yalitiririsha maji ukutani tangu siku ya kwanza. Nilikipangusa kidole kwenye koti, nikapanda ngazi, sikusimama mpaka mlangoni kwetu.

Miaka michache baadaye kila mtu alikuwa na kamera kwenye simu yake, na studio ikafungwa. Wale wazee walihamia upande wa Vaughan, karibu na msikiti wao. Siku ya kuhama mpiga picha alikuja kwetu na pazia limefungwa begani kama zulia. Alisema mkewe ametaka tulichukue sisi. Mama alisimama mlangoni. Alimshukuru kwa heshima zote, akamwambia hapana, nyumba yetu ni ndogo na hawezi kuweka ndani watu asiowajua. Yule mzee akainamisha kichwa, akarudi nalo kwenye lifti. Hatukuwaona tena. Nilisikia kwa watu kwamba mke ndiye aliyetangulia.

Plaza imebomolewa. Pale palipokuwa na ile ngazi sasa kuna mnara wa vioo, na chini yake maegesho ya magari. Kinyozi sijui alikokwenda. Sombe ya kutwanga kwa mkono sijaila tangu bibi aondoke; mama hununua ya pakiti. Wanangu wananisikia vizuri nikisema Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na sina chumba cha kuwapeleka ambako itawalazimu.

Mama naye amezeeka. Siku hizi anaishi nasi, magoti yanamsumbua, na jioni anapenda kukaa karibu na hita akiwa kimya. Juzi nilimsimulia habari za mwenzangu wa kazini na picha zake, tukacheka kidogo. Nilidhani yameisha. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya vyombo aliposema, bila kunitazama,

"Lile pazia la yule mama. Unafikiri liko wapi sasa?"

Nikasema sijui. Labda kwa watoto wao. Labda lilitupwa.

"Huwezi kuuliza?"

"Nimuulize nani, mama? Na wewe ulilikataa mwenyewe."

"Nililikataa, ndiyo." Alinyoosha kitenge chake magotini, polepole. "Uliza kwa watu wa Vaughan. Mtu atakuwa analijua. Nataka kuangalia kama maji yamepwa."

Nikamuuliza kama ni kuangalia tu.

"Kuangalia tu," alisema mama. Lakini alisema haraka mno.