Mwalimu Aliyekataa Kufungiwa Sayansi

Mama mmoja, mwalimu wa biolojia niliyefundisha naye zamani za Zaïre, alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake Bagira. Kanisani wamemsifu kwa upole. Mimi niliyemjua nakataa. Hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo ndio ninaotaka uheshimiwe.

Katika lisé yetu, shule ya sekondari ya wasichana, hapa Bukavu, maabara ilikuwa imebaki meza tupu na mabomba makavu. Mkaguzi akaja na hoja ya kufunga seksheni ya sayansi: bila vyombo hakuna sayansi, wasichana wahamishiwe ushonaji. Mwenzangu hakubishana. Alipanda hadi soko la Kadutu, akarudi na shu moja, yaani kabichi. Mbele yetu alibandua jani, akasugua upande mmoja kwa kitambaa mpaka ule weupe wake kama vumbi ukatoka, kisha akadondosha maji. Upande ambao haukuguswa, maji yalisimama vitone vitone, yakateleza chini. Upande uliosuguliwa yalitandaa, jani likalowa. Halafu akatundika majani mawili ya uzito sawa kwenye ncha za rula iliyoning'inizwa kwa uzi, moja limesuguliwa, jingine zima.

“Citoyenne,” mkaguzi akamwambia, kama tulivyoitana wote enzi hizo, “hii iko mboga. Haiko laboratoire.”

“Citoyen inspecteur, mboga iko na ngozi, na ile ngozi iko na nta. Ni nta inachunga maji isitoke. Ungoje mpaka kesho, utaona jani yenye nilisugua inakauka, inapanda juu.”

“Sina na kesho ya kungoja.”

Akaondoka. Asubuhi rula ilikuwa imeinama kama alivyosema, lakini mchana mkuu wa shule alituletea ripoti ya kusaini: walimu tunakiri kwamba masomo ya vitendo hayawezekani. Mwenzangu aliisukuma mbali. Mimi niliogopa kuhamishwa, nikasaini. Seksheni ikafungwa.

Jumamosi iliyofuata nikasikia kwamba anawafundisha wasichana wale barazani kwake. Nilikwenda kwa miguu hadi Bagira, aibu imenijaa. Alinitazama mbele yao wote.

“Papa, ni weye ulisaini?”

“Ni miye, maman.”

“Basi ingia. Shika hii rula. Na hii mara usiiachilie.”

Niliishika mwaka mzima. Wasichana wale walifanya mtihani wa taifa kama watahiniwa wa nje. Wengine walianguka, wengine walifaulu, na mmoja wao leo ni daktari.

Nimeona mengi yakifungwa tangu siku zile, na kila mara sababu ni ileile: vifaa hakuna. Mkubwa aliyeiacha maabara ibaki tupu ndiye anayekuja kutangaza kwamba watoto wetu hawafai sayansi. Asikudanganye, msomaji. Fundisha kwa kilichopo sokoni. Na atakapokuletea karatasi ya kukiri kwamba haiwezekani, mrudishie nyeupe, bila saini.