Rota niliyoilaumu leo

Kuna jambo nimewaficha wanangu na wanafunzi wangu, na sitaki kuzikwa nalo.

Leo Maganga, fundi niliyemfundisha umeme, kaniletea rota, kile chuma kinachozunguka ndani ya mota, ya mashine ya kukobolea mpunga hapa Misunkumilo. Ilikuwa inasugua ukuta wa mota, akaikwangua. Sasa mota inachemka.

Nikamweleza kwa kujiamini: "Umepanua nafasi ya hewa inayoizunguka. Usumaku unavuka hewa kwa shida, ndiyo maana mota inavuta umeme mwingi. Ona ulivyoiharibu hii!"

Maganga akanisogelea.

"Mwalimu, hiyo mapajani kwako ni mpya, nimeinunua iwe mbadala. Niliyoikwangua iko mlangoni."

Binti yangu akauliza, "Baba, kwani hukuona?"

Nyie mngejibu nini? Nikikiri, nani ataniletea mota tena? Nikacheka tu.

Maneno haya naiambia simu, inaandika yenyewe.

Tangu mvua za mwaka jana, sioni kitu.