Kasha la Dada na Nyundo ya Msibani

Nyundo ilipoanza kulia ndani, waombolezaji waliokuwa nje walidhani tunapigilia misumari kwenye jeneza. Wakaangua kilio upya.

Hatukuwa tunapigilia jeneza.

Jeneza lilikuwa bado kwa seremala. Dada yangu alikuwa amelazwa sebuleni, amefunikwa shuka jeupe. Chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati, kaka yetu mkubwa alikuwa anavunja kasha lake la bati.

Naandika haya kwa sababu naogopa kusahau. Simaanishi kumsahau dada, huyo simsahau. Naogopa kuisahau sauti ya ile nyundo, maana nikiisahau, siku moja naweza kukaa meza moja na ndugu zangu nikacheka nao.

Dada alikuwa fundi cherehani. Aliwahi kuolewa, wakaachana, na mtoto hakujaliwa. Alipanga vyumba viwili kwenye uchochoro wa wanawake wachapakazi: huyu anauza mkaa, yule anafua nguo za watu, mwingine anauza mitumba. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha ili apate mwanga bila kulipia umeme.

Mimi ndiye niliyemfuata kuzaliwa. Nachomelea vyuma, naishi mji mwingine. Kwetu wananiita Bubu, kwa sababu wakati wenzangu wanagombana mimi huwa natafuta viatu vyangu niondoke.

Mwanzoni mwa mwaka dada alinipigia simu.

"Mdogo wangu, nichomelee kasha. Panya wasiweze kuingia."

"Kubwa kiasi gani?"

"Mtu mzima aweze kulala ndani."

"Unataka kumficha nani, dada?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Naweka Krismasi."

"Krismasi! Si tumetoka kuila juzi tu?"

"Ndiyo maana naanza sasa. Ukiisubiri mpaka mwezi wa kumi na mbili inakukuta mikono mitupu, na wenye maduka wameshapandisha kila kitu. Sisi tunachukua kitu kimoja kila mwezi. Mwezi huu sabuni. Mchele tutangoja mavuno, ukishuka. Pesa ukiiweka ndani ina miguu, leo mgonjwa, kesho kodi. Sabuni nani ataikopa?"

"Tunachukua, tutangoja... wewe na nani? Si unakaa peke yako?"

"Na watu. Chomelea bwana, acha upelelezi."

Nikachomelea. Nikalipeleka mwenyewe, nikaliweka ukutani kando ya kitanda chake, lina sehemu nzuri ya kufuli. Panya wa miguu minne hakuna aliyeweza kuingia.

Mwezi wa kumi na moja presha ikamwangusha juu ya cherehani. Walimkuta na uzi bado mkononi.

Nilifika asubuhi iliyofuata. Shangazi yetu, dada yake marehemu baba, alikuwa ameshafika. Kaka pia. Huyu kaka tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu hata akiomba chumvi anasimama kwanza na kushukuru waliohudhuria.

Nilidhani nitawakuta wamekaa na maiti.

Niliwakuta wanatafuta ufunguo.

Shangazi alikuwa amemwaga pochi ya marehemu kitandani. Akapekua chini ya godoro. Akatikisa makopo ya sindano na vifungo. Akapekua viatu, kimoja kimoja, kama askari wa mpakani.

"Alikuwa mchoyo huyu," akasema. "Mchoyo tangu utoto. Watu wamejaa nje, hajaacha hata pesa ya sukari, halafu ana kasha zima limefungwa!"

Kisha akaenda sebuleni, akainua shuka, akaingiza mkono kifuani kwa dada yangu.

Mbele yangu.

"Shangazi! Muache!"

"Nini wewe? Wanawake tunafichaga vitu huku. Usinikodolee macho."

Mpaka leo nikiona mkono wa mtu unapekua mfuko, nauona ule mkono.

Ufunguo haukuwepo.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mdogo wangu, kasha umelitengeneza wewe. Kwa heshima na taadhima, lifungue."

"Sifungui."

"Watu watakula nini?"

"Tuchange sisi. Leo ndiyo siku yake ya mwisho humu ndani, kaka. Muacheni alale."

Shangazi akapiga makofi. "Haya, Bubu kapata ulimi! Mnunulie basi hao watu chakula kwa huo ulimi."

Nilitoa nilichokuwa nacho, nikaambiwa hakitoshi hata kwa chai. Wao hawakutoa kitu. Mwenyekiti akatoka kwenda kuazima nyundo.

Sikuwa nataka makubwa. Nilitaka dada azikwe kwa heshima, jina lake litoke pale likiwa safi. Basi.

Nikasimama dirishani nisione. Uani, Mama Mkaa alikuwa anapepea jiko. Huyu ni jirani wa mlango wa pili, mwanamke mnene, mpole, viganja vyeusi visivyotakata. Tangu alfajiri yeye na wenzake walikuwa wanapika chai ya msiba kwa mkaa wake mwenyewe.

Nyundo ilipogonga, akaacha kupepea. Akaweka kiganja kifuani. Ikagonga tena, akakandamiza zaidi. Kila pigo, kiganja kifuani.

Nikajisemea, huyu mama alimpenda dada yangu kweli.

Kufuli likakatika. Kifuniko kikagonga ukuta.

Halafu shangazi akapiga kigelegele.

Kigelegele, ndugu zangu! Nyumba yenye maiti! Alikikata katikati, akajiziba mdomo, lakini kilishatoka. Nje watu wakatazamana.

Kasha lilijaa mpaka juu. Sabuni zimepangwa kama matofali. Sukari, unga wa ngano, madumu ya mafuta ya kupikia, mchele kwenye viroba vilivyofungwa kwa kamba, kila kimoja fundo lake. Chini kabisa, zimefungwa kwenye magazeti, nguo za watoto. Magauni, mashati, kaptula, za kila umri, zimepigwa pasi.

"Mnaona? Mali yote hii, anakula peke yake kama panya!" shangazi akasema.

Hakuna aliyejiuliza mtu asiye na mtoto ana nguo za watoto za nini. Ngoja, shangazi alijiuliza, na jibu alilipata papo hapo.

"Wajukuu zangu! Jamani, kumbe aliwakumbuka wajukuu zangu!" Na magazeti yakaanza kuchanwa.

Viroba vikatolewa uani. Mama Mkaa akakipokea cha kwanza. Akalishika lile fundo, akaliangalia, hakulifungua.

"Tupike vyote?" akauliza.

"Vyote, mama," Mwenyekiti akamjibu, kifua mbele. "Marehemu hali tena. Na sukari msiwabanie watu."

Mama Mkaa akawaangalia wenzake. Mfua nguo akaangalia chini. Muuza mitumba akajifanya moshi umemwingia machoni. Kisha Mama Mkaa akafungua fundo taratibu, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele.

Tukala. Na mimi nilikula. Shangazi aliweka sukari kwenye chai mpaka kijiko kikakaribia kusimama chenyewe, akajilamba vidole akisema, "Msiba umependeza huu."

Msiba umependeza!

Tulipotoka makaburini, udongo ukiwa bado kwenye viatu, walianza kupakia. Mafuta kwa shangazi. Sabuni nusu kwa nusu, wakagombania ile iliyobaki moja mpaka ikakatwa kwa kisu. Cherehani akabeba Mwenyekiti, "kwa ajili ya kumbukumbu". Gari likaondoka, dumu linagongana na mguu wa cherehani.

Nikabaki na kasha tupu, kifuniko kimepinda.

Nilikuwa nafagia magazeti yaliyochanika, Mama Mkaa akabisha hodi. Nyuma yake mfua nguo na muuza mitumba.

"Pole na kazi, fundi."

"Asante, mama. Karibuni. Sina hata cha kuwakaribishia."

"Hatukai. Nimekuja kukurudishia hiki."

Akaingiza mkono shingoni, akavuta kamba nyembamba iliyokuwa imejificha chini ya nguo. Mwisho wa kamba palining'inia ufunguo.

Nikaujua. Nilinunua mwenyewe lile kufuli.

"Mama, huu umeuokota wapi?"

"Sikuuokota. Umekaa shingoni kwangu tangu ulipoleta kasha. Kasha kwake, ufunguo kwangu. Aliyepanga hivyo ni yeye mwenyewe dada yako. Alisema, nisije nikapata shida siku moja nikajikuta nimefungua."

Nikakaa juu ya kasha.

"Kwa hiyo vile vitu..."

"Vya uchochoro mzima. Kila mwezi kila mama analeta chake. Mwezi wa sukari, sukari. Mwezi wa mafuta, mafuta. Vitambaa tulinunua sisi, kushona akatushonea yeye, bure. Hakuchukua hata senti. Alisema hiyo ndiyo zamu yake."

"Kile kiroba ulichokishika..."

"Changu. Fundo nililifunga mimi."

Jamani. Yule mama alifungua fundo lake mwenyewe, akachagua mawe, akapika Krismasi ya wanawe, akawapakulia watu waliokuwa wanamtukana rafiki yake kwamba ni mchoyo.

"Kwa nini hamkusema?" Sauti yangu ilikuwa juu, nilijishangaa. "Mlikuwa hapohapo! Mngesema!"

Mfua nguo ndiye aliyenijibu. "Tungesema, kaka yako angeuliza tunadai nini. Pale pale ingekuwa kesi. Msiba mzima ungeondoka na habari moja tu, kwamba fundi alikufa na vitu vya watu. Nani angesikiliza kwamba alikuwa anatutunzia?"

"Tulikubaliana kwa macho tu pale jikoni," Mama Mkaa akasema. "Mwenzetu amelala, tukampigie kelele za sukari?"

"Na watoto? Krismasi hiyo inakuja."

Mama Mkaa akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Tutawaambia Krismasi ya mwaka huu imekwenda kumzika shangazi yao."

Shangazi yao. Nikamkumbuka wangu, na mkono wake chini ya shuka.

Nilitoka nje, nikautapika ule wali ukutani.

Wiki ile ile nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta jikoni. Ameepua sufuria ya moto kwa gauni dogo la njano. Gauni jipya la mtoto, lina marinda ya mkono wa dada yangu, ndilo alilolifanya kitambaa cha jikoni.

"Shangazi, zile nguo si zetu. Vile vitu vyote si vyetu." Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho.

Alinisikiliza huku anaonja mchuzi.

"Wamekudanganya, Bubu. Wameona marehemu hana mtetezi. Waliandikishana wapi?"

"Ufunguo alikuwa nao Mama Mkaa, shangazi. Kufuli nililinunua mimi, ule ufunguo naujua."

"Alimuibia basi! Mwone. Mtu mweusi mikono vile, utamwamini?"

"Rudisha hata nguo tu. Ni za watoto."

"Na wa kwangu ni mbuzi?"

Nikampigia Mwenyekiti palepale. Akasafisha koo, akasema jambo hilo ni zito, linahitaji kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo kitaitishwa mwakani, Mungu akipenda. Kuhusu cherehani akasema mtandao unasumbua.

Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, shangazi akanirushia shati. Jeupe, lina mistari ya bluu, vifungo viwili vimeng'oka.

"Chukua hilo. Halikumtosha mjukuu wangu."

Hivyo ndivyo nilivyorudi uchochoroni. Nina shati moja.

Mama Mkaa alilipokea. Alikaa kizingitini, akanawa mikono mara mbili, akashona vifungo vipya.

Krismasi nilikwenda huko, siyo kwetu. Nilikuwa nimepeleka mchele na mafuta kiasi cha uwezo wangu, havikukaribia hata kidogo vile tulivyokula, lakini kila nyumba ilipika. Na lile shati walilivaa kwa zamu. Mmoja lilimfika magotini, akatembea kama padri. Mwingine kitovu kilikuwa nje. Wasichana nao wakadai zamu yao, wakapewa. Kila anayelivaa anapita uchochoroni mpaka mwisho, wenzake wanamshangilia, anarudi, anavua.

"Shangazi alishona kola nzuri," mtoto mmoja akaniambia, akiishika kola kwa vidole viwili asiichafue.

Nilikuwa bado naiangalia ile kola, simu ikalia. Mwenyekiti, kwenye kundi la ukoo. Picha ya wajukuu wa shangazi wamepangwa mstari, wamevaa kazi ya mikono ya dada yangu. Chini ameandika: "Krismasi njema. Tunamkumbuka dada yetu mpendwa aliyetupenda sana."

Nikajiondoa kwenye kundi. Mpaka leo wanaulizana Bubu kakasirikia nini.

Kasha nimeshalinyoosha, nikachomelea upya. Sasa linakaa karakana kwangu, na kila mwisho wa mwezi nalisogeza mlangoni Mama Mkaa akija kwa basi na mizigo ya wenzake. Mwezi huu ni wa sabuni. Mke wangu anajua, watoto wangu wanajua, vijana wa karakana wanajua, na ubavuni nimeandika kwa rangi nyekundu: HILI SI LA BUBU.

Ndugu msomaji, weka akiba ya sikukuu mwaka mzima, tena mkiwa wengi ndiyo vizuri, dada yangu hakukosea hapo. Ila kama unatunza cha watu, watangazie ndugu zako ungali hai, wasikie wote, hata wale usiopenda kuongea nao. Hao ndio watakaokuja na nyundo.

Na ukiwa msibani, ukakuta kitu kimefungwa, toka nje kwanza uulize. Sisi tulipekua mpaka maiti, na ufunguo ulikuwa shingoni kwa mama aliyekuwa anatumiminia chai.